Nilipomtaja Babu Mwakio Badala ya Yuda

Nimechoka na kichwa changu hiki. Jina la mtu hakisahau, lakini kutunza siri hakiwezi.

Mchungaji alitufundisha sisi akina mama kwamba Wayahudi waliitwa hivyo kwa sababu ya Yuda, mwana wa Yakobo, na kwamba ukoo wao haukuwa wa watu safi watupu: Yuda alimzaa Peresi kwa Tamari, mke wa mwanawe. Atakayetaja ukoo kutoka Ibrahimu hadi Daudi bila kukosea ndiye atakayetuwakilisha kwenye mashindano ya Mwatate. Nikataka niwe mimi.

Kusoma kwangu ni kwa kuungaunga, basi ili nikumbuke, kila Myahudi nikamfunga na mtu wa ukoo wa mume wangu, maana hao huwa tunawataja kila posa. Yuda nikamfunga na babu Mwakio, kwa sababu naye alizaa na mke wa mwanawe. Siri hiyo wifi yangu Mkawasi alininong'oneza jikoni, akaniapisha nisimwambie hata kaka yake.

Jumapili iliyopita, hapa Voi, nikapewa kipaza sauti. Ibrahimu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, nikaenda mbio kama treni ya Mombasa.

"Mwakio akamzaa Mwamburi kwa mke wa mwanawe."

Mwamburi ndiye baba wa mume wangu, na mume wangu, mzee wa kanisa, alikuwa benchi la mbele. Akainuka polepole.

"Mama Mghoi, majina unayajua. Hebu taja na la aliyekwambia."

Sikuwa na haja. Wifi Mkawasi alikuwa ameshafika mlangoni.