Wiski Niliyoisifia Uccle

Wasomaji, nikiikumbuka Jumamosi iliyopita natamani ardhi ipasuke inimeze, ingawa pia namshukuru Mungu.

Ninamhudumia Papa Albert, mzee Mbelgiji wa mtaa wa Uccle aliyefundisha shule Bukavu miaka mingi. Anachopenda ni kuchanganya wiski za Kimarekani, bourbon za aina tatu, mpaka apate ladha anayoitaka. Lakini tangu augue mwaka jana, pua na ulimi wake havisikii kitu. Siku hiyo alikuwa amechanganya ya sherehe yake ya miaka themanini. Akatoa chupa kwenye friji, akanimiminia.

“Maman Faida, pua yangu imekufa, wewe njo pua yangu sasa. Onja, uniambie kweli.”

Pombe sijawahi kunywa, lakini niliona haya kusema. Nikaonja, nikafumba macho kama fundi.

“Papa, iko ya nguvu! Nasikia vanille, nasikia mbao, na moto mu koo.”

Machozi yakamlengalenga. Akamwita binti yake Claire, aliyezaliwa kulekule Bukavu, naye aonje. Claire akanywa, akanitazama.

“Mais papa, hii ni chai yangu ya baridi! Wiski yako iko mu kabati.”

Nikajua kazi imekwisha.

“Pardon, papa,” nikasema. “Mimi sijawahi kunywa pombe hata siku moja.”

Papa Albert alicheka mpaka akakohoa, kisha akanishika mkono.

“Merci, maman, ulitaka kunifurahisha. Mara ingine sema tu: sijui.”

Nililia palepale, kwa aibu na kwa shukrani.