Maswali Juu ya Fundi wa Paneli

Kazi yangu ya kumaliza chuo ilihusu mafundi wageni wa Goma: wametoka wapi, wamesomea nini, na wakiondoka ujuzi wao unabaki na nani. Profesa alinituma nianze na majirani wao. Nikapita mitaa hadi Munigi na fomu zangu, nimevaa vizuri, sauti ya upole. Kumbe ndipo nilipojiharibia.

Kwetu, kabla familia haijatoa binti, inatuma mtu mwenye adabu kuulizauliza juu ya kijana. Na mimi nilikuwa nauliza nini? Ana diploma? Anapata kazi kila mwezi? Ana mpango wa kuhama? Basi kila mtu akajua nimetumwa kwa ajili ya ndoa.

Aliyesifu kuliko wote ni mama mmoja wa Munigi, muuza samaki wa frigo, yaani friji, aliyempangisha chumba fundi wa paneli za jua kutoka Burundi. "Huyo? Mutoto muzuri! Diploma tatu! Kuhama? Wapi! Huyo atazikwa hapa hapa." Nikaandika yote kwa furaha.

Profesa alisoma, akacheka mpaka akavua miwani. "Wote wana diploma, na hakuna hata mmoja anayehama? Rudi ukaulize upya." Nilikasirika, wee! Miguu bado ilikuwa inauma kwa yale mawe ya volkano. Lakini nilirudi, na safari hii nilijieleza kabla hata ya kuketi: mimi ni mwanafunzi, sijatumwa na familia ya binti yeyote.

Mama akashika kichwa. "Yesu! Na miye nilishachagua kitenge ya ndoa!" Kisha akasema ukweli. Kijana hakuwa na diploma, alifundishwa na mjomba wake, na kesho yake alikuwa anaenda Kampala, kapata kazi. Umeme wa mji unakuja na kupotea, frigo ya mama inategemea paneli ambazo kijana alimfungia juu ya bati. "Nilitaka aoe hapa abaki. Paneli zikilala, samaki inaoza, narudia kuzunguka na beseni kwa kichwa. Samahani, binti yangu." Hasira iliniisha. Nilimwogopea kweli.

"Sasa akienda, nani atazitengeneza?" nikauliza. Lilikuwa swali la mwisho la fomu.

"Ngoja kwanza. Amenifundisha wiki hizi zote. Leo asubui amekata waya moja makusudi, na amekataa kunionyesha ni gani."

Akafunga kitenge juu ya suruali, akapanda ngazi. Mimi nikaishika. Fundi mwenyewe alikuwa ameketi kwenye jiwe, mikono kifuani, anauma midomo asiseme. Mama alikwenda huku, akarudi kule, akasonya, akagusa waya huu na ule. Samaki ndani ya ile frigo walikuwa wameanza kulegea.

Mwishowe akaunga waya mmoja, na ghafla frigo ikanguruma. Fundi aliruka juu, akapiga makofi, machozi yanamtoka. Nami nilipiga kelele kama mtoto.

"Weye wa fomu!" mama akaita kutoka juu ya mabati. "Andika: miye!"