Viwiliwili Alivyoagiza Eliécer

Katika jiji la Guayaquil mwaka haufi kimyakimya. Watu huutengenezea sanamu, wakaiweka mlangoni asubuhi ya siku ya mwisho, wakaicheka kutwa, kisha wakaichoma. Zoila Quimí alikuwa fundi wa viwiliwili: alishona nguo kuukuu, akazishindilia vumbi la mbao na magazeti. Vichwa vilitoka kwa fundi mwingine, mtaa wa pili, na mwenye sanamu aliviunganisha mwenyewe.

Basi Novemba, jirani yake Eliécer, mwenye duka la rangi, alipoagiza viwiliwili viwili vya wanawake, Zoila hakuuliza ni vya nani.

"Jaza kifua, dada, usiwe bahili! Na wakumbatiane."

"Mshono ukipasuka shauri yako," Zoila alimjibu, akicheka.

Eliécer alikuwa mtu wao. Zoila aliishi na mpenzi wake Leonor, mwalimu wa chekechea, mwanamke wa haya aliyekuwa akitembea hatua mbili nyuma yake kwa miaka sita. Eliécer ndiye aliyewatisha walevi wa kona: "Atakayewagusa hawa atanijua mimi ni nani." Kweli, akilewa aliwaomba wapigane busu, "dogo tu, tuone." Mwenye macho haambiwi tazama, lakini Zoila aliuita utani.

"Mtaa huu unatupenda, Leo," alimwambia Leonor kila mara. "Nishike mkono tutoke kama watu wengine."

Leonor alisitasita mwezi mzima. Mwishowe akasema sawa, siku ya mwisho wa mwaka atamshika, mbele ya wote.

Wakatoka saa saba mchana, Leonor kavaa gauni jipya, kiganja chake kimelowa jasho ndani ya kile cha Zoila. Mbele ya duka la rangi palikuwa na foleni ya wanaume. Kilikuwa kimetolewa nje kitanda cha kweli, na juu yake sanamu mbili zimekumbatiana, sketi zimepandishwa. Wanaume walijilaza katikati kwa zamu, wakipigwa picha. Zoila alizitambua sketi kwanza. Kisha akaona vichwa: kimoja kilikuwa na kovu lake la nyusi, kingine miwani ya Leonor.

Mungu wangu! Zoila alipigwa na butwaa.

"Wenyewe hao!" Eliécer akashangilia. "Njooni mlale hapa, tuwapige ya pamoja!"

"Eliécer! Umetufanya nini?"

"Sasa hasira za nini, dada? Sisi tunawapenda. Mtaa mwingine wangewapiga mawe."

Kutoka kitandani, mkono wake ungali kwenye paja la sanamu, baba wa mtoto mmoja wa chekechea akatabasamu. "Heri ya mwaka mpya, mwalimu," akasema.

Leonor akauachia mkono wa Zoila, akarudi nyumbani karibu anakimbia. Zoila akanyakua kisu kwenye kaunta ya duka, akavipasua vifua alivyovishindilia kwa mikono yake mwenyewe. Wanaume wakamzomea. Eliécer alisikitika kwa dhati, kama mtu aliyetendewa ubaya na ndugu.

Nyumbani Zoila alikuta madirisha yote yamefungwa, na joto la Desemba limejaa chumbani. Leonor alisimama kando ya kitanda, mkono kwenye zipu ya gauni.

"Leo, hakuna anayetuona hapa."

"Nataka kubadilisha nguo."

"Badilisha, mpenzi."

Leonor hakuivuta zipu.

"Zoila, tafadhali. Geukia ukutani."

Miaka sita hakuwahi kumwambia hivyo. Zoila akageuka.