Umeme wa Warsiti

Kiharusi kilipouchukua mkono wa kulia wa Painem, kigoda chake katika karakana yetu ya batiki hapa mtaani Laweyan kilikaliwa na Warsiti, mwanafunzi wake mwenyewe. Painem akabaki kusuuza vitambaa. Kila asubuhi alimtazama Warsiti akipuliza kalamu ya nta na kupanga nukta ndogo kama ufuta, akahisi kitu kikimkwaruza kifuani.

"Ukiweza nukta hizo kwa mkono wowote, kigoda ni chako," mwenye karakana alimwambia Painem.

Basi hospitali ilipotafuta watu wa kufundishwa mkono wa kushoto huku ubongo ukipitishiwa umeme mdogo, Painem alikwenda. Warsiti alimsindikiza, naye akaombwa ajiunge, apatikane mzima wa kulinganishwa na wagonjwa. Baadhi wangepata umeme wa kweli. Wengine mashine ingewashwa kidogo, kisha izimwe bila wao kujua.

Siku tano walikaa bega kwa bega, sponji za kupitishia umeme zimefungwa kichwani, wakifuatisha mistari kwenye kompyuta. Siku ya tatu Warsiti alikuwa hakosei.

"Dada Nem, ona! Mkono huu una akili kunishinda!"

"Akili gani? Umeme huo. Wamekupa wewe."

"Mbona uliniwasha kidogo tu, kama sisimizi?"

"Mpaka mwisho?"

"Sijui. Nilikuwa natazama mstari."

Painem alimfuata daktari. "Nibadilishie mashine. Mgonjwa ni mimi, yule kaja kunisindikiza!"

"Mama, hata mimi sijui nani kapewa nini."

Baada ya mwezi walipimwa tena, bila umeme. Mstari wa Warsiti uliyumba, akajicheka. Wa Painem ulikwenda polepole, lakini haukutetereka. Alichojifunza kilikuwa bado mkononi. Wiki hiyohiyo alirudi kwenye kigoda chake, na Warsiti akawekewa kingine kando yake.

Utafiti ulipofungwa, daktari aliwapigia simu. Umeme wa kweli alipewa Painem. Warsiti hakupewa kitu. Lakini watu wawili tu hawathibitishi lolote, aliongeza.

Warsiti akapiga makofi. "Kumbe! Na ulivyoninunia!"

Painem hakucheka. Alihesabu siku alizohitaji Warsiti hadi asikosee: tatu tu, bila msaada wowote, na kwa mkono wa kushoto.

"Sogeza kigoda chako kule," alisema.

"Wapi, Dada? Nta iko hapa."

"Kule. Nisikuone."