Bi Taa na Giza la Sikukuu

Saa tatu asubuhi, siku ya sikukuu, ukumbi wa sinema ni mtupu na unanuka sabuni ya sakafu. Juu, nyuma ya safu ya mwisho ya viti, mwanamke mmoja amepiga magoti ndani ya chumba kinacholingana na jiko la nyumba ya kupanga. Anaipuliza lenzi. Anaifuta kwa kitambaa ambacho zamani kilikuwa fulana ya mumewe. Anaipuliza tena.

“Lenzi ni kama jicho la mtoto,” anasema bila kugeuka. “Ukiifuta kwa pupa unaitia mchanga, kisha unailaumu kwamba haioni.”

Wote humwita Bi Taa. Ni fundi wa mashine ya sinema, wa mwisho aliyebaki hapa. Halipwi kwa mwezi. Hulipwa kwa onyesho, na onyesho moja humtosha matumizi ya siku mbili asipougua mtu nyumbani. Ukisoma habari za filamu magazetini utakuta jina la aliyeigiza, la aliyeelekeza, hata la aliyemchana nywele mwigizaji. La aliyekuwa akiwasha taa hulikuti.

Alasiri ya leo ataonyesha filamu ileile ambayo ukumbi huu umeionyesha kila sikukuu tangu yeye hajaolewa. Mwaka huu, hata hivyo, nakala ni mpya.

“Leo naweza kuiua kwa mkono wangu,” anasema. “Na nimetumwa niiue ikiwa safi.”

Kwa asiyeijua, hadithi yenyewe ni nyepesi. Mshona viatu mmoja amefiwa na mkewe. Watoto wake wanne wametawanyika kutafuta riziki. Kila sikukuu ikikaribia hutoa viti vinne, akavipangusa, akavizungusha mezani, akangoja. Binti yake mkubwa yuko kiwanda cha mashati, na mnyapara wa kiwanda amemnyima ruhusa. Basi. Roho ya mtazamaji imening’inia hapo: binti atakwenda kwao, au sikukuu itamkuta kwenye cherehani?

Ilitengenezwa kutokana na kitabu kimoja chembamba, cha zamani. Wasomi hubishana kama filamu ilikitendea haki kitabu. Kinyozi wa ng’ambo ya barabara, ambaye hufunga duka siku hii hata kama kuna kichwa kimenyolewa nusu, hana muda wa ubishi huo.

“Kitabu kinakwambia baba ana huzuni,” anasema. “Filamu inakuonyesha baba anapangusa kiti ambacho hakina vumbi. Mimi kwenye huzuni sikulia. Nililia kwenye kiti.”

Hata hivyo, kilichoifanya filamu hii iwe ya ukumbi huu ni moto.

Siku ya kwanza ilipoonyeshwa hapa, Bi Taa alikuwa msichana wa kazi katika chumba hiki, msaidizi wa fundi mkuu ambaye sasa ni marehemu. Mashine zilikuwa mbili. Mkanda wa kwanza ukielekea mwisho, kazi ya msaidizi ilikuwa kuipa skrini mgongo na kupachika mkanda wa pili kwenye mashine ya pili. Kwa hiyo mwisho wa mkanda wa kwanza hakuwahi kuuona, hata wakati wa majaribio.

Moto ulishika hapohapo. Binti amefika mbele ya mnyapara, anafungua mdomo kuomba ruhusa, mara picha ikavimba, ikawa kahawia, ikatoboka katikati. Fundi mkuu akarukia mkanda kwa mikono mitupu. Chini watu wakaanza kupiga miluzi na kutwanga sakafu kwa viatu.

“Akanipigia kelele, ‘Sema kitu, we binti, watatuvunjia viti!’” anakumbuka. “Niseme nini? Nikatoa kichwa kwenye kidirisha hiki. Kile kitabu nilikuwa nakijua. Mama yangu alikuwa mshonaji kiwandani, alikuwa nacho, hakina jalada, akitusomea akikanda miguu yake kwenye maji ya chumvi. Nikasimulia kama alivyokuwa akisoma.”

Katika kitabu, binti haombi mara mbili. Anasimama kwenye cherehani yake. Mnyapara anamuuliza, “Nani amekuruhusu kusimama?” Anajibu, “Miguu yangu.” Mnyapara anasema sikukuu hatoi. Binti anasema, “Sikukuu si yako ya kunipa. Nilipozaliwa niliikuta.” Ndipo cherehani ya jirani yake inanyamaza, ikafuata ya pili, hadi chumba kizima kimya, na wanawake wote wako wima.

Ukumbi uliacha miluzi ukasikiliza sauti ya msichana asiyeonekana. Alipomaliza, watu walipiga makofi hadi fundi mkuu, akiwa na malengelenge viganjani, akachungulia kuona kulikoni.

“Akaniambia, ‘Umesimulia vizuri kuliko wao.’ Nikadhani ananisifia sauti.”

Kipande kilichoungua hakikupona. Fundi mkuu alipachika mahali pake kipande cheusi, urefu uleule, ili msimuliaji apate nafasi. Mwaka uliofuata Bi Taa alisimulia tena. Mwaka wa tatu alikuwa na mafua, akafungua mdomo, na kabla hajatoa neno ukumbi ukamtangulia.

Tangu hapo kipande hicho kina jina: Giza. Skrini inapozimika, upande wa kushoto huuliza, “Nani amekuruhusu kusimama?” Upande wa kulia hujibu, “Miguu yangu!” Kisha watu huinuka safu kwa safu, na viti vya kujikunja hupiga tap, tap, tap vikirudi nyuma, kila mlio ni cherehani iliyonyamaza. Safu ya mwisho inapoinuka, picha hurudi: binti yuko barabarani na kifurushi chake. Anayechelewa haulizi imeanza saa ngapi. Huuliza, “Mmefika Giza?”

Wachache waliohamia hapa kutoka kwingine walidai kuwa kwao filamu hii ni tofauti. Wakashauriwa wapimwe macho.

Mlangoni yupo mkata tiketi, ambaye ni wifi yake Bi Taa na hamwachi apumue. “Kaka yangu alidhani ameoa mke,” anasema, akichana tiketi. “Kumbe kaolewa yeye, tena na mashine.”

“Wifi, kaka yako mwenyewe ndiye alinifuata gizani,” Bi Taa anamjibu kutoka juu ya ngazi. “Nuru ilipowaka nikamwona vizuri, nimeshachelewa.”

Mumewe, seremala mstaafu, anakaza parafujo ya kiti cha safu ya tatu. Viti hivi vyote amevitengeneza yeye, na anakiri kuwa bawaba zake hazitii mafuta makusudi. “Nikizilainisha havitapiga kelele,” anasema. “Nitakuwa nimeharibu filamu.”

Lakini hakuna anayeijua filamu hii kama Bibi Kifungo, ambaye alishona vifungo katika kiwanda cha mashati cha hapahapa hadi siku kilipofungwa. Kiwanda hicho kina historia ambayo wengi wangependa isahaulike. Waliokifunga waliagwa kwa hafla na picha. Waliokuwa wakishona waliambiwa Ijumaa jioni wasirudi Jumatatu. Jengo sasa ni maghala, na ukutani hakuna hata kibao kinachosema kwamba humo watu waliacha macho yao. Kumbukumbu yao pekee hufanyika mara moja kwa mwaka, ndani ya ukumbi huu, taa zikiwa zimezimwa.

“Sisi hatukusimama,” anasema Bibi Kifungo bila kupindisha. “Tuliinamisha vichwa tukamaliza zamu. Ndiyo maana nasimama hapa. Kila mwaka nasimama, mjukuu wangu, mpaka magoti yazoee.”

Sasa mkanda wa zamani umekauka kama jani la mahindi. Mwaka jana ulikatika mara nyingi hata watoto wakalala. Mwenye ukumbi, ambaye huitwa Bosi Mdogo ingawa ndevu zake zimeingia mvi, akatafuta akapata nakala mpya, iliyosafishwa, kamili. Ni mtu mwema, hilo lazima lisemwe. Angeweza kuukodisha ukumbi kwa watu wa maghala, na wamekwisha kumfuata. Amesema wazi: onyesho la mwaka huu likiwapendeza watu, sikukuu ya mwakani lipo. Wakinung’unika kama mwaka jana, basi ndiyo mwisho.

Wiki iliyopita waliijaribu wawili tu, Bosi Mdogo kwenye kiti cha mbele na Bi Taa kwenye kidirisha chake. Kwa mara ya kwanza maishani aliona kipande kilichoungua.

Binti anaomba ruhusa. Mnyapara anamtazama. Muziki unalainika. Mnyapara anatabasamu, anampigapiga begani, anamwambia aende tu, yeye naye ana binti. Kisha anafungua droo na kumpa boksi la peremende. Binti anapiga goti anashukuru. Cherehani nyuma yake hazijakatiza hata mshono mmoja.

“Nilikaa chini sakafuni,” anasema Bi Taa. “Nikamkumbuka fundi mkuu. ‘Umesimulia vizuri kuliko wao.’ Kumbe yule mzee alikuwa ananiambia! Alijua, akaenda nalo kaburini akicheka.”

Ndivyo ilivyokuwa. Waliotengeneza filamu walichukua kitabu cha watu waliosimama, wakawakalisha. Wakamtia mnyapara moyo wa baba mdogo na peremende mkononi. Walivipenda viti vya mshona viatu, wakavipiga picha kwa mapenzi ambayo hata kitabu hakina. Ila walipofika kiwandani waliogopa. Moto mmoja na msichana mmoja vilirekebisha woga huo, na mji mzima ukaishi na marekebisho bila kujua.

Alimsihi Bosi Mdogo alirudishe Giza.

“Mama yangu,” alimjibu kwa heshima, “nitawatozaje watu kiingilio niwaonyeshe giza? Waache waone filamu nzima. Ni haki yao.”

“Haki yao ipi? Ya kupewa peremende?”

“Ni filamu, mama.”

“Kwako.”

Saa tisa alasiri ukumbi umejaa hadi kwenye ngazi. Kinyozi yuko, na yule wa kichwa nusu yuko kando yake, amevaa kofia. Bibi Kifungo yuko safu ya nne, karibu na njia. Taa zinazimwa. Mshona viatu anatoa kiti cha kwanza, anakipangusa, na kwikwi za watu zinaanza mapema kuliko mwaka jana, kwa kuwa sasa vidole vyake vinaonekana hadi kucha.

Juu, Bi Taa amesimama na kiganja wazi kando ya lenzi. Ni jambo la inchi chache tu. Akiweka mkono hapo, Giza limerudi, na hakuna atakayeweza kupanda ngazi kwa wakati.

Lango la kiwanda linatokea. Mkono unapanda. Unasita. Unashuka.

“Niliona nikiziba,” atasema baadaye, “na mimi nimekuwa mnyapara. Nani amenipa kazi ya kuwachagulia cha kuona?”

Ukumbi, kwa mazoea, umekwisha kuanza. “Nani amekuruhusu kusimama?” upande wa kushoto unanguruma, lakini skrini haizimiki. Upande wa kulia unajibu nusu, sauti zinapungua, zinakatika. Watu wanatazama. Mnyapara anatabasamu kwa meno yake yote yaliyosafishwa. Anampigapiga binti begani.

“Huyu naye ametokea wapi?” mtu anauliza.

Droo inafunguliwa. Boksi linatoka. Bi Taa anafumba macho.

“Usipokee, mwanangu!”

Ni Bibi Kifungo, na sauti yake imepasuka katikati.

Kicheko kimoja. Kisha safu nzima: “Usipokee!” Kisha ukumbi: “Usipokee! Usipokee!” Binti, maskini, hana la kufanya, alikwisha kupokea miaka mingi iliyopita. Anapiga goti. Ukumbi unatoa “Aaaa!” ya mzazi aliyeona mwanawe akiangusha sahani. Na kutoka kulia mtu anafufua pale walipokatikia: “Miguu yangu!”

Tap. Bibi Kifungo amesimama. Tap, tap, safu ya nne iko wima. Mnyapara bado anaongea juu ya wema wake, lakini hata neno lake moja halifiki safu ya pili. “Sikukuu si yako ya kunipa! Nilipozaliwa niliikuta!” Viti vya seremala vinanyamazisha cherehani ambazo filamu ilikataa kuzinyamazisha, na watu mia kadhaa wamesimama mbele ya sura kubwa ya mnyapara, wakimtazama usoni. Gizani hawakuwahi kumwona. Sasa wanamwona, na wanaendelea.

Picha inabadilika. Binti yuko barabarani na kifurushi chake. Watu wanakaa, wanapangusa macho, wanamsubiri afike kwao.

Baada ya onyesho Bosi Mdogo anapanda ngazi, jasho linamtoka kana kwamba ndiye aliyekuwa kiwandani. “Mama, mimi kushoto au kulia?” anauliza. “Nilipiga kelele pande zote.”

“Mwakani tutakupangia safu,” anamjibu.

Onyesho la mwakani, basi, lipo. Anafunika mashine kwa shuka, anazima feni ya kuipoza, na anataja jambo moja dogo aliloombwa na Bibi Kifungo pale ngazini. Giza bibi huyo halitaki tena. Watu wamekwisha kumwona mnyapara, na waendelee kumwona.

“Picha nitaiacha,” anasema Bi Taa, vidole vikiwa kwenye kitufe cha sauti, akijaribu kukizungusha taratibu hadi sauti iishe. “Sauti ndiyo nitamnyima mnyapara. Na yeye aonje kuongea bila kusikilizwa.”