Kimya cha Baba Mbele ya Wakwe

Kwetu Kasulu mzee hakwambii hapana. Ukimpelekea jambo asilolitaka, atakusalimia mpaka uchoke: atauliza habari za nyumbani, za watoto, za mvua, maharage kama yameshika, huku mikono ikipigwa taratibu kama heshima inavyotaka. Ukifika kwenye shida yako, ananyamaza mpaka uage. Njiani ndipo unaelewa kwamba umekataliwa, na hakuna aliyegombana na mtu.

Adabu hiyo nzuri nusura ivunje ndoa ya mdogo wangu.

Baba alipata kiharusi akiwa dukani kwetu, anamkatia mteja kitenge. Mguu ulipona, mkono wa kulia ukapata nguvu kidogo, lakini maneno yalirudi kwa namna iliyotuchanganya sote. Ukimwamkia "mwakeye" alikujibu kwa Kiha safi, pamoja na salamu zote zinazofuata. Alhamdu aliisoma yote bila kukwama. Sasa muulize anataka uji au chai! Midomo inahangaika, ulimi unatafuta pa kukaa, inatoka "ta", inatoka "ka", kisha anapiga paja kwa hasira na kugeukia ukuta. Shangazi, dada yake, alisema waziwazi kwamba kaka yake anadeka, maana mtu anayeweza kuswali anashindwaje kuomba chai? Nilimjibu vibaya, mimi sina kifua.

Ndipo wakwe wakaja kutoka Kibondo, mzee mmoja na mwanawe, mwalimu wa shule ya msingi, aliyetaka kumwoa mdogo wangu. Baba akawapokea kwa salamu ndefu, hakuruka hata moja. Mzee yule akafurahi, akamuuliza baba kama ameridhika na kijana. Baba akafungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Akapiga paja. Akatazama ukuta. Kwa kichwa aliitikia, ndiyo, lakini kwetu hata anayekukataa anaitikia kwa kichwa, ni heshima ya kukusikiliza tu. Wageni wakangoja kidogo, wakaaga. Niliwakimbilia hadi barabarani kuwaeleza kwamba ni ugonjwa, nao wakanisikiliza kwa upole wa watu wasioamini. Kesho yake ujumbe ukaingia kwenye simu: wameelewa jibu la mzee na wanaliheshimu.

Mdogo wangu akajifungia chumbani. Baba akasimama mlangoni kwake akigonga, anataka kumwita "mwanangu" kama alivyomwita tangu utotoni, na kilichotoka ni "ma, ma, ba". Binti ndani akadhani baba yake anamgombeza. Niliumia, wallahi, sijui niliumia kwa ajili ya yupi zaidi.

Hospitali alikuwa amekuja dada mmoja, mtaalamu wa matatizo ya usemi. Nikampeleka baba kwake. Alimwambia aonyeshe jinsi mtu anavyopuliza chai ya moto. Baba akavimbisha mashavu, akang'ata mdomo, akashindwa. Yule dada akamimina chai ya moto kikombeni, akampa bila kusema kitu. Baba akapuliza, kama kila asubuhi.

"Maneno anayo, na midomo yake haina kasoro," akaniambia. "Kilichoharibika ni mpango wa katikati, ulimi uanzie wapi na midomo ifuate lini. Salamu na sala zimezoea, zinajiendea zenyewe. Neno analotaka kulitunga sasa hivi ndilo linalopotea njiani."

Usilolijua ni usiku wa giza. Nililia palepale, baba akinitazama na kikombe mkononi. Dawa tuliyopewa ilikuwa mazoezi: agonge goti polepole, kila pigo na kipande chake cha neno. Na sisi tulikatazwa kummalizia. Hilo lilinishinda nguvu kuliko yote, kwa sababu mdomo wangu hukimbia mbele ya kila mtu. Tuliketi dukani, nyuma ya majora ya vitenge, tukigonga magoti, na-ku-ba-li, na wateja wakitucheka.

Mazoezi yalipokolea kidogo nikakodi gari twende Kibondo. Njiani nilimwomba baba ruhusa ya kumwonyesha mkwe jambo la chai. Alitazama migomba nje, kisha akanishika mkono akaubana.

Tukapokewa, tukasalimiana mpaka mwisho, chai ikaletwa. Nikavunja adabu. Nilimwomba mzee wa Kibondo amwambie baba apulize, kabla hajapewa kikombe. Akamwambia. Baba yangu, mtu mzima mwenye heshima zake, akahangaika na midomo mbele ya wakwe, mate yakamtoka. Kisha akapewa kikombe, akapuliza vizuri. Mzee yule alikiangalia kile kikombe. Akasogeza kiti chake karibu.

"Mzee mwenzangu," akasema, "nakuuliza upya. Leo hatuagani mpaka umalize."

Kijana naye akaja kupiga magoti mbele ya baba. Baba akamshika kwa mkono wake wa kulia, ule dhaifu, na kwa wa kushoto akaanza kugonga goti. "Mwa," akasema. Moyo ukanipasuka, amekosea, hilo silo neno letu. "Nakubali" ilikuwa imeshafika kwenye meno yangu, nikaing'ata. Akagonga tena, akapotea, akarudi mwanzo.

"Mwa. Na. Ngu."

Yule kijana akainama juu ya mkono wa baba akalia. Mimi nikatoka uani kumpigia simu mdogo wangu. Akaniuliza baba amesemaje. Nikarudi ndani, nikaiweka simu sikioni kwa baba, na kabla sijaiachia nikamwambia mdogo wangu asikate, na wala asimmalizie.