Maji Yaliyowaka Moto

Kifua cha binti yangu ndicho kilichoanzisha mambo yote haya. Miaka ile ya tisini tulikuwa tunakaa mtaa wa Waberi, Garissa, nyumba ya mabati, vyumba viwili, na binti alikuwa na pumu. Sasa sisi Wasomali nyumba isiyo na moshi wa ubani hatuihesabu kuwa nyumba. Alasiri ikifika kila mwanamke anatoa chetezo chake, dabqaad tunaiita, anatia makaa, anatupia uunsi juu, ule ubani uliopikwa na sukari na manukato, na moshi unapita kwenye mapazia, kwenye magodoro, kwenye nguo za mume, mpaka mtu ukipita njiani wanajua umetoka kwa watu. Mimi nikiwasha, binti anakohoa mpaka macho yanamtoka. Nisipowasha, nyumba inanuka mbuzi. Mbuzi wangu walikuwa wanalala ubavuni mwa ukuta, na beberu hana haya ya harufu. Huyo beberu siku moja aliingia ndani akala ncha ya pazia langu la maua, lakini sikukaa hapa kuandika habari zake.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika, darasa la ngumbaru, na hata hilo sikulimaliza. Mwalimu alikuwa mtu wa bara, mwenye subira, ananisahihisha nikisema bumu badala ya pumu, siku nyingine anachoka anacheka tu. Maneno ya watu humu yalisemwa kwa Kisomali. Nimeyaleta nilivyoweza.

Nilikuwa na dada wa kunyonya. Tulizaliwa Sangailu msimu mmoja, mama yake akashikwa na homa baada ya kujifungua, maziwa yakakauka, basi mama yangu akatunyonyesha wote wawili. Huyo dada alikuwa akisema yeye alipenda titi la kulia, mimi nikaachiwa la kushoto, anacheka. Kwa dini yetu huyo ni dada kabisa, hata kaka yangu hawezi kumuoa. Tukaolewa wote Garissa, nyumba zetu zikatenganishwa na ua wa miti tu. Chumvi ikiisha kwangu nanyoosha mkono. Siri yangu yote alikuwa nayo. Nasema hivi ili mjue ni nani.

Yeye ndiye aliyeniambia, "Abaayo," yaani dada, "nani amesema harufu lazima ipite motoni? Tuitie kwenye chupa ya kupulizia, kama ile ya kinyozi. Unapuliza, fyu fyu, mtoto analala."

Nilimbusu kichwani siku ile.

Harufu yenyewe haikuwa taabu. Ubani wa foox ulikuwepo sokoni, karafuu na iliki zipo jikoni, na mafuta ya atari yalikuwa yanaletwa na wanawake waliotoka upande wa pili wa mpaka. Taabu ilikuwa kile kitu cha kuibeba harufu. Unaitia ndani ya nini? Mtu ambaye hajajaribu anadhani ni mchezo.

Kwanza nilitia maji ya mtoni, yale ya mkokoteni wa punda. Maji ya Tana yana rangi ya chai ya maziwa, hilo nilikuwa nalijua tangu siku ya kwanza nilipofika mjini, na bado nikayatia. Nikapuliza kwenye shuka nyeupe. Mume wangu akaingia, akasimama, akauliza, "Nani ametema tumbaku kitandani?" Nikaacha hayo.

Nikachemsha maji ya mvua, nikachuja kwa kitambaa. Rangi ikawa nzuri, lakini mafuta ya atari yakaelea juu, hayataki kuonana na maji. Ukipuliza mwanzo unapata maji matupu, ukifika mwisho wa chupa unapata mafuta yote, na pazia linashika alama kama limeegemewa na kichwa cha mtu. Nikajaribu mafuta ya simsim peke yake. Godoro likawa kama andazi, na vumbi lote la Garissa likaja kukaa juu yake. Maji ya waridi yalikuwa mazuri, sikatai, lakini yalitoka Mombasa, na siku hizo basi zilikuwa zinakwenda kwa kufuatana na askari, zikifika zimefika.

Kilichonipendeza ni maji yaliyolowekwa ubani. Mama yangu alikuwa akiloweka foox usiku kucha, asubuhi anakunywa kwa ajili ya tumbo. Nikafanya hivyo, nikachuja, nikatia karafuu. Harufu yake ilikuwa ya upole, kama mtu mzima anayepita bila kelele. Lakini kwa lile joto letu chini ya mabati, siku chache tu yanachacha, yanaanza kunuka kama kibuyu kisichooshwa. Unamwaga, unaanza tena.

Hapo dada yangu akaleta neno la spiriti. Alikuwa ameongea na mtu wa duka la dawa. "Ile wanayokupangusia kabla ya sindano," akasema. "Inayeyusha mafuta yote, haiozi, na inakauka ukiwa bado umesimama."

"Hiyo si pombe?"

"Nani anainywa?"

Nikakataa. Kuna mashekhe wanaosema ya nje ya mwili haina neno, na kuna wanaosema ni najisi. Mimi sijui, si mwanachuoni, Kurani yenyewe nilisoma mpaka pale nilipoolewa. Lakini nilijua watu watapuliza kwenye miswala. Sikutaka mtu asimame kuswali juu ya wasiwasi niliompelekea mimi. Nikamwambia hivyo, neno kwa neno.

"Sawa, abaayo," akasema. "Umesema wewe."

Nyumba yake ilikuwa ya udongo, imefunikwa na kivuli cha mwarobaini, baridi kuliko yangu. Tukapatana mimi niloweke na kuchuja, yeye achanganye na kuweka huko kwake ili maji yasichache upesi. Na kweli, hayakuchacha tena. Wiki moja, mbili, mwezi. Mafuta yakaacha kuelea. Nikamuuliza amefanya nini, akasema ni kivuli, na karafuu ameongeza, na labda mkono wake una baraka. Nikaamini. Mara moja nilinusa nikakumbuka zahanati, nikiwa mdogo, mama ananishika mkono nisitoroke. Nikasema moyoni karafuu hii ni kali. Na binti akaanza kukohoa tena kidogo jioni, nikalaumu vumbi.

Wanawake wakaanza kuulizia zile chupa. Jirani akamwambia jirani. Kila aliyekuja aliuliza swali lile lile, hakuna kilevi ndani? Maana habari ilikuwa imeenea kwamba marashi ya Ulaya yana kilevi. Nami najibu hakuna, ni maji na ubani. Dada yangu yuko pale pale, anakunja leso.

Ikaja harusi ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tukaombwa tutie harufu chumba cha bibi harusi. Kulikuwa na shangazi wa bibi harusi, eeddo, mama mzee aliyekuja juu ya lori la mizigo kutoka Elwak, mgongo umenyooka kama hakuketi juu ya magunia safari nzima. Huyo mama watu walikuwa wanamuogopa. Alikuwa amekalia mkeka mbele ya kitanda, chetezo chake kiko mbele yake kimejaa makaa, kwa sababu alisema harusi bila moshi ni mkutano wa serikali.

Nikaingia na chupa yangu. Akaitazama.

"Naa, wewe. Hiyo ni dawa ya kuua kunguni?"

Wakacheka wote.

"Ni harufu, eeddo. Haina moshi."

"Ina nini ndani?"

"Maji na ubani."

"Watu wa mji huu wanatia pombe kila mahali. Kitanda hiki msichana wangu ataswali pembeni yake. Ina pombe?"

Chumba kimejaa wanawake, nusu ya Waberi iko mle ndani. Nikaweka mkono kifuani nikasema, "Wallahi, wabillahi, haina hata tone." Dada yangu alikuwa amekaa bega kwa bega na mimi, anamimina chai. Aliendelea kumimina. Kikombe kilijaa, hakikumwagika. Hicho kikombe nakiona mpaka leo.

"Basi puliza," akasema eeddo. "Tunuse."

Nikainua chupa. Kabla sijabonyeza, dada yangu alivuta nguo yake, akaikusanya magotini, akasogea nyuma mpaka ukutani. Nguo aliiondoa, neno hakusema. Nilidhani ananipa nafasi.

Nikapuliza kuelekea kitandani, na mvuke ukapita juu ya chetezo cha yule mama.

Ulitoka moto, fuu, wa buluu kwanza halafu wa manjano, urefu wa mkono, ukashika chandarua. Wanawake wakaruka. Bibi harusi mikono yote imejaa hina mbichi, anapiga kelele na hawezi kushika kitu. Eeddo hakuruka. Alichukua birika zima la chai ya maziwa akalimwaga juu ya chandarua, kisha akakipiga kwa mto mpaka kikazima. Hakuna aliyeungua, Mungu ashukuriwe. Chumba kikanuka sukari iliyoungua, na chini yake ile harufu ya zahanati.

Akageuka kwangu, bado ameshika mto.

"Nimeishi mahali ambapo maji tunayafuata mbali kwa ngamia," akasema. "Maji ya chumvi nimekunywa. Maji ya matope nimekunywa. Maji yanayowaka moto sijayaona mpaka leo. Haya yanachotwa wapi, naa? Mbona mnatuficha?"

Kicheko kile. Walicheka kwa sababu ya hofu iliyowatoka, najua, lakini kilinipiga mimi. Nikamtazama dada yangu ukutani, nguo bado imekusanywa magotini. Yeye alikuwa anatazama kikombe.

Jioni ile nilimfuata kwake. Alikuwa anapepeta mchele.

"Ni spiriti?"

"Maji yalikuwa yanaoza," akasema. "Wewe ungekataa."

"Nilikataa!"

"Ndiyo. Na tungekuwa bado tunamwaga chupa kila wiki."

"Uliniacha niape kwa Mungu mbele ya watu."

Akapepeta mara mbili, tatu, akapuliza makapi. "Mimi sikukuambia uape," akasema.

Nikitaka kusema ukweli, hilo la spiriti ningelisamehe. Watu wanadanganyana kwa vitu vikubwa zaidi. Lakini lile neno lilinikalia. Tulinyonya pamoja, na aliangalia ulimi wangu unakwenda pale, akaona afadhali uende.

Sheikh wa msikiti wa jirani nilimuuliza nikiwa nyuma ya pazia. Akasema mtu akiapa kwa lile analolijua kuwa kweli, hana dhambi. Hata hivyo nilifunga, kwa ajili ya moyo wangu. Lakini sheikh ananihukumu mbele ya Mungu, haniokoi Waberi. Nikaona ni lazima yule mama wa Elwak asikie kutoka kwangu kabla hajapanda lori, asiende kule mpakani na jina langu hivyo.

Nilimkuta uani anafunga mizigo yake kwa kamba. Nikamwambia yote. Kwamba mimi naloweka na kuchuja, kwamba mwenzangu ndiye anayechanganya, kwamba nilikuwa nimekataa. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono uko kwenye fundo.

"Mwenzio amekuja baada ya alfajiri," akasema. "Ameniambia hivyo hivyo. Ila kwake yeye, wewe ndiye uliyetia, na yeye ndiye aliyekataa."

Nikaangalia lile fundo.

"Sasa niamini yupi?" akauliza, na hakuuliza kwa ubaya, alikuwa anataka kujua kweli. "Yeye hajaapa. Wewe nilikusikia kwa masikio yangu."

Akakaza fundo. Nikamsaidia kubeba gunia hadi kwenye lori, kwa sababu alikuwa mzee na mimi nilikuwa nimesimama tu pale, kisha nikarudi nyumbani.

Dada yangu hakuhama na mimi sikuhama. Tulisalimiana, ndiyo, mtu atafanyaje na ua ni ule ule. Chumvi ikiisha natuma dukani. Binti yangu kifua kilipoa nilipoacha zile chupa, nikarudi kwenye maji ya ubani yanayochacha, kidogo kidogo, ya wiki moja tu. Watu wa kwanza kurudi walikuwa wachache, nao waliuliza lile swali. Sikuapa tena. Tangu siku ile neno wallahi silitoi kwa kitu nilichokichanganya mimi, hata chai. Nilikuwa nachukua koleo, naleta kaa moja jekundu, naliweka mbele ya mtu, nalipulizia maji ya chupa. Linafanya tsss, linakuwa jeusi. Basi. Mtu anachukua chupa yake anakwenda.

Miaka ilipita, binti wa dada yangu akaolewa. Siku moja kabla, dada yangu akasimama kwenye ua, upande wake, mara ya kwanza kuniomba kitu tangu harusi ile.

"Nataka chupa moja ya chumba," akasema.

Nikaenda jikoni nikarudi na chupa na koleo. Akaliona kaa.

"Hata mimi, abaayo?"

Nikaliweka juu ya jiwe kati yetu, nikapuliza. Likazima. Akaangalia moshi mdogo mweupe mpaka ukaisha.

"Itakaa muda gani?" akauliza.

"Haikai," nikamwambia, nikampa.